Nanga Ambayo Hakuna Aliyeifunga

Usiku wa kuamkia leo niliota kijiji chetu kinaondoka.

Hakikuondoka kwa kishindo. Kiliteleza taratibu, kama mtu anayetoka kanisani katikati ya mahubiri na hataki aonekane. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini kwangu nachambua usipa, wale samaki wetu wadogo wa Ziwa Nyasa, nikaona mti wa mbele ya nyumba unahama kutoka kulia kwenda kushoto. Nikadhani ni kizunguzungu. Nikaendelea kuchambua.

Jirani yangu Leokadia akapita na nyumba yake. Yeye yuko dirishani, ameegemea viwiko, nyumba inapita.

"Mama Hilda, hamjambo?"

"Hatujambo. Mnakwenda wapi?"

"Bado hatujui. Wanasema Malawi."

"Na maharage?"

"Yako motoni. Yataivia huko huko." Kisha akanikazia macho. "Si nanga yenu ndiyo chanzo? Sote tulikuwa tumeshikwa na hiyo hiyo, na hakuna aliyetuambia kwamba imepotea."

"Poleni."

"Asante," akasema, akafunga dirisha, maana vumbi la safari lilikuwa limeanza kumwingilia ndani.

Hapa niisimamishe ndoto kidogo. Asiyejua habari ya nanga hataelewa kwa nini niliona niliyoyaona.

Nanga yetu aliitengeneza marehemu mume wangu, Osmundi, kwa springi ya lori na kipande cha bomba. Haikuwa ya kupendeza. Mkono wake mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Lakini ilishika. Boti yetu inavua kwa ndoano juu ya mawe yaliyo chini ya maji, na pale bila nanga huvui kitu, unapita tu juu ya samaki ukiwasalimia.

Osmundi alipofariki boti ilibaki kwangu, na kwa binti yangu Hilda, na kwa mume wake Kanuti. Kanuti alihamia kwetu, ndivyo ilivyo desturi yetu. Na desturi hiyo hiyo inataka mkwe mwanamume na mama wa mkewe wasitazamane usoni, wasiitane jina, wala wasiambiane neno moja kwa moja. Ni heshima, na sisi tuliishika sana. Ndani ya boti mimi hukaa mbele, macho yangu kwenye rasi. Kanuti hukaa nyuma amenipa mgongo, macho yake nchi kavu. Hilda hukaa katikati anapeleka maneno. "Mama anasema tugeuze." "Mume wangu anasema bado kidogo." Tena ni Hilda aliyekuwa akifunga ncha ya kamba kwenye ubao wa katikati kabla Kanuti hajaishusha nanga. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Alikaa karibu na ubao, akafunga, ikawa yake.

Sasa Hilda amejifungua, hatoki nje. Nyumba yenye mzazi haiwezi kukaa bila samaki, kwa hiyo tulikwenda wawili, mimi na Kanuti. Pale katikati tukaweka kopo la kuchotea maji, lililokuwa la mafuta ya kupikia. Kwetu ukikosa mtu wa kupitishia neno, unaruhusiwa kulipitisha kwenye kitu.

"Kopo, waambie mama tumefika kwenye mawe," akasema Kanuti, akinitaja kwa wingi, kwa heshima.

"Kopo, mwambie ashushe nanga," nikasema mimi.

Akaishusha. Ikazama, na kamba yake ikaifuata yote, hadi mkia ukapita juu ya ubavu wa boti kama nyoka mwenye haraka. Yeye alijua nimefunga. Mimi nilijua amefunga. Hilda alikuwa nyumbani ananyonyesha.

Hakuna aliyesema kitu. Kopo nalo lilinyamaza.

Tangu hapo Kanuti anashinda ziwani akiburuza kulabu, akitumaini itaikamata ile kamba iliyolala chini, na kila akirudi anarudi mikono mitupu. Jana mchana Hilda akanipitishia neno dirishani, mtoto akiwa kifuani. "Mama, mume wangu anasema mtu aliyeipoteza nanga ya baba mkwe hawezi kuendelea kula ndani ya nyumba hii. Kesho meli ikipita atakwenda kwao. Akipata pa kukaa atatuita, mimi na mtoto."

Nikasema, "Haya." Ningesema nini kingine? Kumtuma Hilda na neno la nanga kungekuwa sawa na kumfuata mtu na kidole hadi chumbani kwake. Nikasali, nikalala.

Sasa turudi kule kijiji kinakoelea.

Nanyanyuka kizingitini. Naona chumba cha Hilda na Kanuti kimekatika kutoka kwenye nyumba yangu, kimekatika vizuri kabisa, kama mkate. Majengo mengine yote yanaelekea Malawi. Chumba hicho peke yake kinaelekea kaskazini, kwao Kanuti. Hilda yuko ndani anambembeleza mtoto. Kanuti amekaa juu ya paa, amenipa mgongo, kwa heshima.

"Hilda!" naita.

"Abee, mama!"

"Mwambie mumeo akisimamishe hicho chumba."

Wanaulizana. "Anasema hana cha kukisimamishia!"

Lilikuwa jibu la haki. Nikaingia ndani kulitafuta kopo.

Kopo lilikuwa kwenye msumari wake. Lilikuwa limevaa tai. Sikuuliza.

"Wewe," nikaliambia, "tulikutuma. Mbona hukusema kwamba kamba haijafungwa?"

"Mama, mlinituma maneno mawili. Tumefika, na ashushe nanga. Nikayafikisha yote mawili. La kamba hakuna aliyenituma."

"Ulikuwa umeikalia hiyo kamba!"

"Nilikuwa nimeikalia. Lakini mimi ni mjumbe. Mjumbe akianza kuangalia mambo kwa macho yake mwenyewe, kijiji kinaharibika."

"Kijiji kimeshaharibika. Tazama nje."

Kopo likachungulia dirishani. Kanisa letu lilikuwa linapita, padre amesimama mlangoni anawapa mkono waumini waliokuwa wakikimbia pembeni ili wawahi ibada. Mama mmoja mnene alishindwa. Padre akambariki kwa mbali.

"Kweli," likasema kopo. "Basi jifunge kanga. Twende."

"Wapi?"

"Chini."

Nafungua mlango wa jikoni. Jiko halipo, lipo ziwa. Limesimama wima pale mlangoni kama kitambaa kilichoanikwa, halimwagiki. Natia mguu mmoja, natia wa pili, nashuka ngazi. Maji hayakunilowesha hata kidogo. Yalikuwa maji yenye adabu.

Chini kulikuwa na mlango mwingine, na samaki mnene wa aina ya mbasa amesimama hapo na utepe begani, kama wale wanaotuonyesha pa kukaa Jumapili.

"Wanawake kushoto, wanaume kulia," akasema.

"Naitafuta nanga."

"Nanga iko katikati."

"Katikati napitia wapi?"

"Katikati hakuna njia, mama. Ni heshima."

Nikamshukuru kwa sababu alisema kwa upole. Nikakaa kushoto.

Upande wa kulia nikamwona Kanuti. Nilimwona magoti tu, maana kati yetu kulikuwa na mkeka umesimama wima, umeshikwa na kaa wawili, mmoja kila upande. Nasogea mbele, kaa wanasogea. Narudi nyuma, wanarudi. Wanahema, maskini.

"Samahanini," nawaambia.

"Usijali, mama," anasema kaa wa mbele. "Tumezoea. Tuko kazini tangu siku ya arusi."

"Na hamjapumzika?"

"Tulipumzika mlipokuwa na malaria."

Huko mbele kabisa, mahali ambapo kwetu kungekuwa na madhabahu, nanga yetu ilikuwa imetundikwa kwa kamba yake, na samaki mdogo alikuwa akiigonga kwa jiwe kuita ibada. Ndani ya maji mlio wake ulikuwa mzuri. Kusema kweli ulikuwa mzuri kuliko wa ile ringi ya gari tunayogonga sisi.

Nikapiga magoti. Nikasema moyoni, Bwana, sijui kama ibada hii ni ya Wakristo au ni ya samaki, lakini wewe unajua, na mimi nimeshafika.

"Nani aliyenishusha?" ikauliza nanga.

Sauti yake ilikuwa ya chuma, ila ndani yake kulikuwa na kikohozi kidogo, kile cha Osmundi cha alfajiri, akitafuta viatu gizani asiniamshe. Nilikaza kanga.

Kutoka nyuma ya mkeka Kanuti akasema, "Kopo, iambie ni mimi."

"Na nani aliyepaswa kunifunga?"

"Kopo, iambie ni Hilda," nikasema.

"Hilda alikuwa wapi?"

"Kopo, iambie alikuwa ananyonyesha."

"Na ninyi wawili mlikuwa wapi?"

"Kopo, iambie tulikuwemo botini," akasema Kanuti.

Kopo linakimbia, linakwenda na kurudi, tai inapepea. Mwishowe likakaa chini, likajigeuza juu chini.

"Nimechoka," likasema. Sauti ilitoka kwa shida. "Mimi ni kopo la mafuta ya kupikia."

"Basi sina wenyewe," ikasema nanga. "Nabaki hapa. Samaki hawa wananigonga kwa saa yake, na sijasikia lawama tangu nimefika."

"Nanga, tafadhali," nikasema. "Kijiji kinakwenda. Mjukuu wangu anakwenda, hata hajabatizwa."

"Kwani mmenitafuta?"

"Mume wa Hilda anashinda anakutafuta."

"Namsikia. Anakwenda na kurudi kwenye mstari mmoja, kama mtu anayepiga deki kibarazani. Kulabu yake anaishusha akiwa ameshanipita. Na wewe?"

"Mimi nakaa ufukweni namtazama."

"Unaona nini?"

Samaki wote walinyamaza, na samaki wakinyamaza ndani ya maji unasikia.

"Naona ameshapita pale," nikasema. "Kila siku naona anapapita. Lakini nitamwambiaje?"

"Sikilizeni," ikasema nanga. "Siku ile yeye alitazama nchi kavu, wewe ulitazama rasi. Mmegawana mahali nilipo, kila mmoja ana nusu yake, kila mmoja amekaa nayo kimya. Nani alishatia nanga kwenye nusu ya mahali?"

Kanuti akakohoa. Akajaribu tena.

"Kopo, waambie mama..."

Kopo linakoroma.

"Mkeka, waambie mama..."

"Mimi siongei," ukasema mkeka. "Mimi nazuia."

Nasubiri. Yule samaki mdogo ameinua jiwe lake, anasubiri pia. Namwona Kanuti anavuta magoti karibu na mkeka, taratibu kama mtoto, mtu mzima yule, anayebeba injini ya boti peke yake begani.

"Mama," akasema.

Kaa wa mbele akauachia upande wake wa mkeka.

"Mama, mimi niliona msalaba wa kanisa umekaa juu ya paa la zahanati. Umeinama kidogo, hivi. Kama kofia ya mtu aliyelewa."

Sikumtazama usoni. Hata ndotoni nina mipaka yangu. Niliwatazama kaa, nikafungua kinywa, na jina lake likanichoma ulimi kama uji uliotoka motoni sasa hivi.

"Kanuti. Mimi niliona lile jiwe jeupe wanalolalia ndege. Lilikuwa limegusa ncha ya rasi. Limegusa tu, halijaingia nyuma yake."

"Hapo hapo," ikasema nanga. Ikakohoa. "Ndipo nilipo. Haya, vuteni."

Tukashika kamba, mimi upande wangu, yeye wake, katikati hakuna mtu. Tunavuta. Kwanza kinakuja chumba cha Hilda, kinakuja kinyumenyume, kinagota kwenye nyumba yangu na kujipachika mahali pake, na mtoto haamki. Linakuja kanisa. Yule mama mnene ameshaingia, amekaa kiti cha mbele. Inakuja nyumba ya Leokadia, naye ameshafungua dirisha.

"Mama Hilda! Kumbe yalikuwa matembezi tu!"

"Maharage yameiva?"

"Yaliiva tulipofika. Tumerudi, na yenyewe yamerudi kuwa mabichi."

"Pole."

"Nitayachochea tena, nifanyeje."

Nanga ikafika mikononi mwetu, nzito, baridi, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine.

"Sasa," ikauliza, "nani anafunga?"

Nikaamka.

Ringi ya kanisa ilikuwa inagongwa. Kulikuwa kumekucha. Godoro lilikuwa kavu, kanga yangu kavu. Mti wa mbele ya nyumba ulikuwa mahali pake, niliuhakikisha kwanza kabla ya kuvaa ndala. Nikasali, nikamshukuru Mungu kwa usingizi na kwa kuniamsha, nikatoka uani.

Kanuti alikuwa amesimama hapo amenipa mgongo, mfuko wake begani. Hilda yuko mlangoni kwake na mtoto, analia pasipo sauti. Kopo lilikuwa kwenye msumari wake ukutani. Halina tai.

"Kopo," akaanza Kanuti, "waambie mama kwamba nawaaga, na kwamba..."

"Kanuti," nikasema.

Hilda akaacha kulia. Kanuti hakugeuka, ila mabega yake yalipanda juu yakabaki huko huko.

"Ulipoishusha ile nanga, ulikuwa unatazama nini?"

Aliligeuzia kopo uso, nikadhani atalijibu lenyewe.

"Nchi kavu, mama," akasema.

"Nchi kavu ni kubwa."

"Nilikuwa natazama kanisa. Msalaba ulikuwa umekaa juu ya paa la zahanati." Akasita. "Ulionekana umeinama. Kama kofia ya mtu aliyelewa, Mungu anisamehe."

Mimi ndani ya boti sijawahi kugeuka kutazama nchi kavu hata mara moja. Nikashika ukuta.

"Mama, vipi?" akauliza Hilda. "Ukae?"

"Nimesimama salama." Nikageukia mgongo wa mkwe wangu. "Mimi niliona jiwe jeupe limegusa ncha ya rasi. Limegusa tu. Wewe unakwenda na msalaba wako, sawa, lakini unalipita jiwe. Kila siku unalipita ndipo unatupa kulabu."

Mabega yakashuka.

"Mstari nilikuwa nao," akasema polepole, kama anayejihesabia mwenyewe. "Nilichokosa ni pa kusimama. Nikienda nao nafika hadi karibu na ng'ambo, nasema labda bado, labda mbele. Kumbe..."

"Utasimama jiwe likigusa."

"Na mama mtakuwepo mbele?"

"Nitakuwepo mbele. Jiwe likigusa nitasema."

"Mtamwambia nani?"

"Nitakwambia wewe."

Hilda akacheka huku machozi yakiwa bado mashavuni. "Haya! Na mimi kazi yangu ameichukua nani?"

"Wewe nyonyesha," nikasema.

Kanuti akaushusha mfuko. Akatoa nguo zake, akaziweka kizingitini, akaingiza humo kulabu na kamba. Hilda akainama akaziingiza nguo ndani moja moja, akizikung'uta.

"Ncha ya kamba ya kulabu," akasema Kanuti, bado amenipa mgongo, "nani afunge?"

"Funga wewe. Ukishafunga uniambie, kwa mdomo wako, ndipo utupe."

"Nitawaambia, mama."

Akatangulia kwenda ufukweni. Nikaenda kulitoa kopo msumarini, maana boti inavuja na mtu lazima achote. Kopo hilo halikuwa limeshuka hapo tangu siku ya nanga. Kanuti alikuwa akichotea bakuli la Hilda, hakutaka hata kuliona.

Nilipoliinua lilikuwa zito. Nikachungulia. Ndani kulikuwa na maji, bado ya baridi, na chini ya maji mchanga mweupe mwembamba ambao ufukweni kwetu haupo, na juu ya mchanga ganda moja la kutu.

Nikayamwaga taratibu penye mizizi ya mti. Nikalifuta kopo kwa pindo la kanga, nikaliambia asante kwa kazi, leo lichote maji tu.